Shahada ya haki jinai Marekani: ada, mkopo na ajira (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Majibu haya yanahusu Marekani, ambako shahada hii inafundishwa karibu kila jimbo na ambako maswali ya ada na mikopo ndiyo yanayowakosesha watu usingizi. Fedha zote ni dola. Mishahara iliyotajwa ni ya katikati, yaani nusu ya wafanyakazi hupata zaidi na nusu hupata pungufu, kwa takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2023. Nimezikadiria kwa maelfu yaliyo karibu ili zisomeke kwa urahisi.

Shahada ya haki jinai inafundisha nini hasa?

Inafuatilia safari ya kosa tangu simu inapopigwa polisi hadi mfungwa anapotoka gerezani. Utasoma kriminolojia, sheria ya jinai na taratibu zake, maadili ya kazi, takwimu, uendeshaji wa magereza, na hukumu kubwa za Mahakama ya Juu kama ile ya Miranda ya 1966, iliyowalazimu polisi kumweleza mtuhumiwa haki zake kabla ya kumhoji akiwa kizuizini.

Wanaokuja wakitarajia kufundishwa kulenga shabaha na kufunga pingu huvunjika moyo mapema. Hayo ni ya depo, yaani chuo cha mafunzo ya polisi. Darasani utakutana na vitu kama jaribio la Kansas City la 1972 na 1973. Polisi waligawa maeneo 15 ya doria katika makundi matatu. Kundi moja liliondolewa doria za kawaida kabisa, gari likaingia pale tu mwananchi alipopiga simu. La pili likaachwa kama lilivyokuwa. La tatu likaongezewa magari mara mbili hadi tatu. Mwisho wa jaribio hapakuonekana tofauti ya maana, si katika uhalifu wala katika hofu ya wakazi, na wengi hawakugundua kwamba kuna kilichobadilika. Mwanafunzi anayehitimu akiwa na mazoea ya kuuliza "ushahidi uko wapi?" amepata kitu, na sehemu hiyo ya shahada naitetea popote. Bei yake ndiyo yenye mjadala.

Je, lazima niwe nayo ili niwe polisi?

Sehemu nyingi, hapana. Vituo vingi vya miji na kaunti vinataka cheti cha sekondari au kinacholingana nacho, umri (mara nyingi miaka 21), leseni ya udereva, afya njema na mwenendo safi. Kisha unapelekwa depo, ambako mafunzo ya msingi kwa kawaida huzidi saa 800, na idara nyingi kubwa hukulipa mshahara ukiwa huko huko.

Zipo zinazodai zaidi. Minnesota kwa muda mrefu imejulikana kwa kutaka angalau shahada ya miaka miwili. Polisi wa jiji la New York walikuwa wakitaka krediti 60 za chuo (krediti ni kipimo cha masomo uliyokamilisha), lakini mwaka 2025 wakashusha hadi 24 kwa sababu waombaji walikuwa wamepungua. Na kule ambako krediti zinatakiwa, kwa kawaida haijalishi umesomea nini. Aliyesoma historia anaingia mlango ule ule na wewe.

Shahada huanza kuonekana baadaye, pale unapotaka usajini, uluteni au ukuu wa kituo. Baadhi ya waajiri pia huongeza mshahara kwa mwenye shahada. Mfano maarufu ni Massachusetts, ambako sheria ya 1970 iliyozoeleka kwa jina la Quinn Bill iliwaongezea polisi 10% kwa shahada ya miaka miwili, 20% kwa shahada ya kwanza na 25% kwa uzamili au shahada ya sheria. Mwaka 2009 jimbo likapunguza mchango wake, na waliokuwa wamepigia hesabu nyongeza hiyo wakabaki wanalalamika. Kwa hiyo uliza kama nyongeza ipo leo, kwa wanaoajiriwa leo. Usitegemee alichopata mjomba wa mtu.

Basi kwa nini karibu kila chuo kinaifundisha?

Historia ya pesa. Mwaka 1967 tume iliyoundwa na Rais Lyndon Johnson ilipendekeza polisi wawe na elimu ya chuo kikuu. Sheria ya 1968 ikafuata, na serikali kuu ikaanza kugharamia masomo ya askari walioko kazini. Wanafunzi wakiwa na fedha mkononi, vyuo hufungua milango. Miaka ya 1970 programu ziliibuka kila upande, na nyingine zilikuwa nyepesi kama karatasi. Isitoshe ni shahada rahisi kuiendesha: haihitaji maabara, inahitaji ukumbi, mhadhiri na ubao. Likumbuke hilo unaposikia tangazo la redio likikuambia ni "taaluma inayohitajika sana".

Inagharimu kiasi gani?

Swali hili halina jibu moja, kwa sababu shahada ile ile, yenye vitabu vile vile, huuzwa kwa bei zinazopishana kupita kiasi. Kwa mwaka wa masomo 2024/25, wastani wa ada zilizotangazwa ulikuwa hivi: chuo cha jamii cha miaka miwili, kwa mkazi wa eneo husika, 4,050 kwa mwaka, chuo kikuu cha umma kwa mkazi wa jimbo, 11,610, chuo hicho hicho kwa anayetoka jimbo jingine, 30,780, chuo binafsi kisicho cha faida, 43,350. Chumba, chakula na vitabu havimo.

Piga hesabu ya miaka minne. Mkazi wa jimbo katika chuo cha umma: 46,440. Akianza miaka miwili chuo cha jamii kisha akahamia chuo kikuu cha jimbo: 31,320. Mtu wa nje ya jimbo: 123,120. Chuo binafsi: 173,400. Ni kweli vyuo binafsi hutoa punguzo na wachache hulipa bei iliyotangazwa, hivyo subiri barua ya msaada wa fedha kabla ya kukata tamaa au kushangilia. Hata hivyo msimamo wangu ni huu: kwa shahada ambayo mwajiri wake mkubwa ni serikali, na serikali inalipa kwa ngazi iliyoandikwa kwenye jedwali, hakuna sababu ya kununua ya bei ghali. Afisa wa probesheni (anayesimamia waliohukumiwa kifungo cha nje) aliyelipa 31,000 na yule aliyelipa 170,000 wanapokea mshahara mmoja, tarehe moja.

Ruzuku ya Pell, inayotolewa na serikali kuu na isiyorudishwa, ilifikia kiwango cha juu cha 7,395 mwaka huo. Familia yenye kipato kidogo inaweza kulipia chuo cha jamii chote kwa ruzuku hiyo na salio likasaidia vitabu na nauli. Njia ya kuipata ni fomu ya FAFSA, ya kuombea msaada wa fedha wa serikali kuu, na inajazwa upya kila mwaka. Kuna wanaoijaza mwaka wa kwanza tu kisha wakaisahau.

Nikikopa, nitabanwa kiasi gani baadaye?

Mikopo ya serikali kuu kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetegemea wazazi imewekewa ukomo: 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 kila mwaka baada ya hapo, jumla isizidi 31,000. Ukomo huo ni mlinzi wako. Shida huanza pale mtu anapouvuka na kukimbilia mikopo ya benki, ambayo haina huruma ukipoteza kazi, au pale mzazi anapokopa kwa jina lake.

Chukua mfano wa deni la 27,000 kwa riba ya 5.5%, linalolipwa kwa miaka kumi. Kila mwezi ni kama 293, na hadi mwisho utakuwa umelipa takribani 35,000. Kwa anayelipwa 60,000 kwa mwaka, panauma lakini panavumilika. Zidisha deni mara tatu na rejesho linakaribia 880 kwa mwezi, ambayo ni kodi ya chumba katika miji mingi.

Nimesikia mikopo husamehewa ukifanya kazi serikalini. Kweli?

Kweli. Mpango ulioanzishwa mwaka 2007 unafuta salio la mkopo wa serikali kuu baada ya malipo 120 yanayostahili, ukiwa mwajiriwa wa muda wote wa serikali ya ngazi yoyote au shirika lisilo la faida. Polisi, askari magereza, maafisa wa probesheni na wafanyakazi wa mahakama wote wamo. Lakini tazama mtego uliopo: ukilipa kwa mpango wa kawaida wa miaka kumi, malipo 120 yanaumaliza mkopo wenyewe na hakuna kinachobaki cha kusamehewa. Faida inakuja ukiwa kwenye mpango unaopima rejesho kwa kipato. Sheria ya mwaka 2025 imebadilisha mipango hiyo, kwa hiyo soma masharti ya mwaka unaokopa wewe. Mikopo ya benki haimo kabisa.

Kazi zipi zinapatikana, na zinalipa vipi?

Polisi na wapelelezi: karibu 75,000. Tofauti kati ya majimbo ni kubwa mno, na ovataimu hubadilisha picha yote.

Askari magereza na walinzi wa mahakama: karibu 53,000. Nafasi hazikosekani kwa sababu watu huacha kazi, ingawa serikali yenyewe inatabiri idadi ya ajira hizi itapungua miaka ijayo. Ovataimu ya lazima ni jambo la kawaida; unamaliza zamu, unaambiwa mwenzako hajafika, unaanza nyingine. Kwa nafasi nyingi za kuanzia shahada haitakiwi. Kulipa ada ya miaka minne ili uingie hapa ni kujitwisha mzigo usio wako.

Afisa wa probesheni: karibu 62,000, na hapa ndipo shahada inapofanya kazi yake hasa, kwa sababu kwa kawaida shahada ya kwanza ni sharti. Watu hawaijui kazi hii vizuri, kwa hiyo niieleze. Mezani kuna mafaili ya watu waliohukumiwa kifungo cha nje. Asubuhi unampigia mwajiri kuthibitisha kwamba fulani kweli alikuwa kazini wiki nzima. Anaingia kijana, unampa kikopo cha kupimia dawa za kulevya, na afisa wa jinsia yake anamsindikiza chooni. Mchana unakwenda kugonga mlango wa nyumba ambayo mbwa hajafungwa. Jioni unaandika ripoti ya hakimu kabla ya hukumu: alikulia wapi, ana deni gani, anaugua nini, amewahi kushtakiwa kwa lipi. Hakimu anaisoma kwa dakika chache na mtu anakwenda gerezani au anarudi nyumbani. Asiyependa kuandika asiikaribie. Anayependa watu lakini hadanganyiki kirahisi ataifurahia.

Msaidizi wa wanasheria: karibu 61,000, ingawa ofisi nyingi hupendelea cheti cha kazi hiyo yenyewe. Zaidi ya hapo kuna huduma kwa waathirika wa uhalifu, usalama wa makampuni, upelelezi wa bima, na uchunguzi wa udanganyifu katika mabenki. Sekta binafsi haina jedwali la mishahara, hivyo ujuzi wa hesabu na kompyuta hulipwa kuliko jina la shahada.

Ndoto yangu ni FBI.

Basi huenda shahada hii si njia yako bora. Masharti ya wapelelezi wao ni uraia wa Marekani, umri wa miaka 23 hadi 36 wakati wa kuteuliwa, shahada ya kwanza ya fani yoyote, na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, au mmoja kwa mwenye shahada ya juu zaidi. FBI imekuwa ikitafuta wahasibu, wanasheria, wataalamu wa kompyuta na wajuzi wa lugha. Mhasibu anayeongea Kiarabu ana hoja nzito kuliko mhitimu wa haki jinai anayejua alichojifunza kila mwenzake.

Mashirika mengine ya serikali kuu ni rahisi zaidi kuingia moja kwa moja kutoka chuoni. Shahada pekee mara nyingi hukuweka ngazi ya GS-5 katika jedwali la mishahara la serikali kuu. Ukihitimu na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 au zaidi unaweza kuanzia GS-7, ngazi ya juu zaidi. Kwa hiyo alama zako zina bei, hata kama rafiki yako anakwambia hakuna anayeziangalia.

Nataka kufanya kazi maabara, kuchunguza damu na alama za vidole.

Soma kemia au biolojia. Maabara za uchunguzi wa jinai zinaajiri wanasayansi, na mwenye haki jinai asiye na masomo ya maabara hawezi kushindana nao.

Ni maandalizi mazuri kwa shule ya sheria?

Si mabaya, wala hayana upendeleo. Chama cha wanasheria wa Marekani hakipendekezi fani maalumu. Shule huangalia alama zako na mtihani wa LSAT. Kinachosaidia ni kusoma na kuandika kwa wingi. Falsafa, historia au Kiingereza huenda zikakunoa zaidi. Kumbuka shule ya sheria ni miaka mitatu mingine yenye ada zake, kwa hiyo kadiri unavyoingia na deni dogo ndivyo unavyokuwa huru kuchagua uendeshaji mashtaka au utetezi wa wasio na uwezo, kazi zisizolipa kama makampuni makubwa.

Vyuo vya mtandaoni na vya kibiashara vipoje?

Kusoma mtandaoni hakuna ubaya, na vyuo vikuu vingi vya umma sasa vinafundisha hivyo. Kinachoua ni kukosa ithibati inayotambuliwa, yaani uthibitisho wa ubora unaotolewa na chombo kinachokagua vyuo. Kisa cha Westwood College kinafaa kujulikana. Mwaka 2012 Mwanasheria Mkuu wa Illinois alikishtaki chuo hicho cha kibiashara kuhusu programu yake ya haki jinai, akidai wanafunzi waliaminishwa kwamba wataajiriwa polisi ilhali chuo hakikuwa na aina ya ithibati ambayo idara za polisi za eneo la Chicago ziliitambua. Mwaka 2015 chuo kilikubali kufuta deni la dola milioni 15 la mikopo yake binafsi. Mwaka 2022 Wizara ya Elimu ya Marekani ikafuta dola bilioni 1.5 za mikopo ya watu 79,000 waliosoma hapo. Wamesamehewa, lakini miaka yao hairudi.

Kabla ya kujiandikisha, piga simu idara unayotaka kuajiriwa, uwatajie jina la chuo, uwaulize kama wanazitambua krediti zake. Ni simu ya dakika tano.

Mimi si raia wa Marekani. Inanifaa?

Hapa pana ugumu wa kweli. Kazi za upelelezi za serikali kuu zinataka uraia, na polisi wa majimbo mengi pia. Mabadiliko yapo: California iliondoa sharti la uraia kwa polisi kuanzia 2023, na Illinois kuanzia 2024 iliwafungulia mlango wasio raia wenye kibali cha kufanya kazi. Mwenye grinikadi anayekaribia uraia anaweza kusoma sasa na kuomba kazi baadaye.

Kwa aliyekuja na viza ya mwanafunzi, F-1, ningesema afikirie mara mbili. Hastahili msaada wa fedha wa serikali kuu na kwa kawaida hulipa ada ya mtu wa nje. Baada ya kuhitimu ana miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na fani yake. Wenye fani za sayansi na teknolojia wanaruhusiwa kuongeza miezi 24; haki jinai ya kawaida haimo katika orodha hiyo, ila sayansi ya uchunguzi wa jinai imo. Ukichanganya hilo na kazi zinazodai uraia, unabaki na muda mfupi na milango michache.

Ninaweza kuhitimu vizuri kisha nikakataliwa kazi?

Ndiyo, na hutokea. Uchunguzi wa mwenendo huingia kwenye matumizi ya dawa za kulevya, makosa ya udereva, madeni yasiyolipwa, mitandao ya kijamii, hata ugomvi na mwenye nyumba wa zamani. Idara nyingi hutumia mashine ya kupima uongo. Kinachowaponza wengi ni kuficha zaidi kuliko kosa lenyewe. Ukiwa na rekodi ya jinai, zungumza na idara husika kabla ya kulipa ada, maana chuo kitakupokea bila kuuliza.

Nipo mwaka wa pili na nimeanza kuwa na shaka. Niache?

Usiache, geuza. Masomo mengi ya miaka miwili ya mwanzo ni ya jumla na yanahamia fani nyingine. Unaweza kubakiza haki jinai kama fani ndogo na kuhamia uhasibu, ustawi wa jamii, saikolojia, takwimu au kompyuta. Ukibaki, chukua masomo ya takwimu kwa wingi unavyoweza, lugha moja, na fildi katika ofisi ya probesheni au ya mwendesha mashtaka. Siku moja ya kuzunguka na askari kwenye gari la doria, jambo ambalo idara nyingi huwaruhusu raia, itakujibu maswali ambayo mhadhiri hawezi.

Nimuulize nini ofisa udahili kabla ya kulipa?

Ithibati imetolewa na nani. Krediti zangu zitapokelewa na chuo kikuu kipi cha umma, na makubaliano hayo yako wapi kwa maandishi. Wahitimu wa programu hii, si wa chuo kizima, wanalipwa kiasi gani na wana deni kiasi gani. Linganisha jibu lake na tovuti ya College Scorecard ya Wizara ya Elimu, ambayo huonyesha takwimu hizo kwa programu nyingi. Fildi inatafutwa na chuo au na mwanafunzi mwenyewe. Nikifaulu depo baadaye, mtanipa krediti? Nikiacha katikati ya muhula, nitarudishiwa nini? Akianza kukusukuma usaini siku hiyo hiyo kwa sababu "nafasi zinaisha", nenda ukale chakula cha mchana kwanza.